Kijana na Kazi Yake ya Kwanza: Uaminifu Hutangulia Uzoefu



Kila mwaka wanafunzi wa Kidato cha Nne humaliza mtihani wao mwezi wa Novemba, na matokeo aghalabu hutangazwa mwezi wa Januari. Wale waliobahatika kuchaguliwa kuendelea na Kidato cha Tano hungoja mpaka katikati ya mwaka. Wale ambao hawakuchaguliwa hawajui wangoje nini. Katika wilaya ya Maswa, kama ilivyo kwa jirani zetu wa Bariadi, Itilima na Meatu, wakati huo ndio pamba inapokua shambani. Na ifikapo karibu na mwezi wa Mei vituo vya kununulia pamba hufunguliwa, magari huanza kupita, na fedha huonekana mikononi mwa watu. Kijana wa miaka kumi na saba au kumi na minane hutazama shughuli hizo zote na kujiuliza: Je, mimi nami sina nafasi humu?

Basi huvaa shati lake safi, akaenda Nyalikungu, au Malampaka penye stesheni ya reli, au Lalago siku ya mnada, akaomba kazi. Naye huulizwa swali moja tu: “Una uzoefu gani?” Huinamisha macho, kwa kuwa hana. Hurudi nyumbani akinung'unika: “Sipewi kazi kwa sababu sina uzoefu, na uzoefu siwezi kuupata kwa sababu sipewi kazi.” Manung'uniko hayo yana haki ndani yake. Ni sawa na mtu aliyeambiwa afungue mlango ambao ufunguo wake umeachwa ndani ya nyumba.

Hapo ndipo vijana wengi huingiwa na kishawishi. Mmoja hujiongezea miaka miwili. Mwingine huazima cheti cha kaka yake. Wa tatu humpa dalali fedha alizouzia mbuzi wa mama yake. Somo letu la mwezi huu lataka kuonyesha kwamba kijana asiye na uzoefu haendi mikono mitupu. Anacho kitu kimoja ambacho mwajiri anakihitaji kuliko uzoefu, nacho ni uaminifu wenye mashahidi. Ni hasara kubwa iliyoje kukitupa kitu hicho siku ile ile anapokihitaji!

Mwajiri anauliza nini?

Yafaa kwanza tulifahamu swali lenyewe. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi anapouliza habari za uzoefu, moyoni anauliza mambo matatu. La kwanza: Je, ataiweza kazi? La pili: Je, atafika kila siku, na kwa saa niliyomwambia? La tatu: Je, nikimwachia duka langu nikaenda msibani Shishiyu, nitakaporudi nitaikuta mali yangu?

Jambo la kwanza hufundishika. Bei za misumari na namna ya kuandika risiti ni mafunzo ya juma moja au mawili. La pili na la tatu hayafundishwi dukani. Mtu huja nayo kutoka kwao. Ndiyo sababu wenye maduka wengi humchukua mtoto wa jirani asiyejua kitu wakamwacha mgeni ajuaye mengi. Watu huita jambo hilo upendeleo, na mara nyingine kweli ni upendeleo. Lakini mara nyingi ni hofu tu: jirani anajulikana, mgeni hajulikani. Kazi ya kijana, basi, ni kujifanya ajulikane.

Mfano wa Nabii Musa

Kurani Tukufu, katika Sura Al-Qasas, imetupa mfano wa kijana aliyeajiriwa ugenini pasipo cheti wala mtu wa kumtambulisha. Nabii Musa a.s. alifika kwenye maji ya Madiani akiwa mkimbizi. Akawaona wachungaji wakinywesha wanyama wao, na wanawake wawili wamesimama kando na wanyama wao wakingoja, maana baba yao alikuwa mzee. Akawanyweshea. Hakudai ujira, bali alirudi kivulini akamwomba Mola wake.

Baadaye mmoja wao alimshauri baba yake amwajiri, akataja sifa mbili zimfanyazo mtu awe bora wa kuajiriwa: nguvu na uaminifu. Tuangalie jinsi alivyozijua sifa hizo. Hakuambiwa na mtu. Nguvu zake aliziona kisimani, na uaminifu wake aliuona katika mwenendo wake kwa wanawake wasiokuwa na mtu wa kuwatetea. Kazi ndogo aliyoifanya bila malipo ikawa ndiyo ushahidi wake. Na yule mzee naye hakumchukua kwa maneno ya juu juu. Waliagana muda wa miaka minane, na kama Musa akipenda kuitimiza kumi ni hiari yake. Hivyo katika kisa kimoja tunapata ushahidi wa tabia, maombi, na mapatano yaliyo wazi.

Mtume wetu Muhammad s.a.w. pia alichunga kondoo wa watu wa Makka kwa ujira mdogo alipokuwa kijana. Na baadaye Bibi Khadija r.a. alimkabidhi mali yake ya biashara kwa sababu habari za uaminifu wake zilikuwa zimeenea. Watu wa mji walimwita Al-Amin, yaani Mwaminifu, kabla hawajamwita jina jingine lolote la heshima.

Mizani ya pamba

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano mwingine. Wazee wa Usukuma waliulipia kwa jasho lao.

Katika miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba walinung'unika sana juu ya mizani ya wanunuzi. Mkulima alifika na mzigo wake, akatajiwa uzito ambao hakuwa na njia ya kuuhakikisha. Wakulima wakajikusanya katika vikundi, wakaweka wapimaji wao wenyewe kando ya mizani ya wafanyabiashara. Kutokana na juhudi za namna hiyo vyama vya ushirika vya msingi vilienea, na mwaka 1955 vikaungana katika shirikisho lililojulikana kwa kifupi VFCU, ambalo mmoja wa viongozi wake wakuu alikuwa Paul Bomani, aliyezaliwa mwaka 1925. Alikuwa mtu wa miaka thelathini tu.

Sasa tufikiri: mpimaji yule aliyesimama kando ya mizani alihitaji sifa gani? Kusoma tarakimu kulihitajika, lakini peke yake kusingalitosha. Mpimaji anayeweza kununuliwa ni mbaya kuliko kukosa mpimaji, kwa sababu wizi wake hupata baraka ya macho ya kijiji. Hata leo, chama cha msingi kinapotafuta msaidizi wa karani kwa msimu wa pamba, wanachama hawaulizi kwanza alisoma wapi. Huuliza: “Huyu ni mtoto wa nani, na ana mwenendo gani?” Mwenyezi Mungu amewaonya vikali wale wanaopunguza vipimo. Basi kijana aombaye kazi ya mizani na ajue kwamba anaomba amana ya watu wengi.

Uzoefu usioitwa uzoefu

Kijana wa Maswa husema hana uzoefu kwa sababu hajawahi kulipwa mshahara. Lakini mshahara na uzoefu si kitu kimoja. Tangu zamani vijana wa Kisukuma wamefanya kazi za mashamba kwa vikundi, chini ya kiongozi wao aitwaye nsumba ntale. Aliyelima katika kundi la namna hiyo amejifunza kufika mapema, kutii zamu, na kutomwachia mwenzake sehemu yake ya kazi. Aliyechunga ng'ombe wa baba yake wakati wa kiangazi, akawarudisha wote jioni, amejifunza kuhesabu na kuwajibika. Binti aliyeuza maandazi ya mama yake na kurudisha fedha kamili pamoja na hesabu amekwisha kufanya kazi ya mtunza fedha.

Basi kabla ya kuandika barua ya kuomba kazi, kijana achukue karatasi aigawe mafungu matatu. Katika fungu la kwanza aandike kazi alizozifanya nyumbani, shuleni, msikitini au kijijini. Katika la pili aandike ni kwa muda gani, na kwa kiasi gani: misimu mingapi, ng'ombe wangapi, wanafunzi wangapi aliowasimamia. Katika la tatu aandike jina la mtu aliyeiona kazi hiyo kwa macho yake na ambaye si ndugu yake. Fungu la tatu likibaki tupu, asikate tamaa, bali ajue penye upungufu wake. Aende akafanye kazi ndogo mahali ataonekana: asaidie kupanga vitabu vya shule, au aandike hesabu za kikundi cha akina mama kisicho na mwandishi. Baada ya miezi miwili atakuwa na shahidi.

Lakini tahadhari moja: kazi ya kujitolea iwe na mwisho unaojulikana. Mtu akikutumikisha mwaka mzima pasipo ujira kwa ahadi ya “utaajiriwa baadaye”, huyo hakufundishi, anakudhulumu.

Barua ya kuomba kazi

Barua iwe fupi, iandikwe kwa mwandiko unaosomeka, na iseme kweli tupu. Mfano wake ni huu:

Kijiji cha ................,
S.L.P. ......., Maswa.
Tarehe ................

Katibu,
Chama cha Ushirika cha Msingi ................,
S.L.P. ......., Maswa.

Ndugu Katibu,

Yah: Ombi la kazi ya msaidizi wa karani, msimu wa pamba

Naomba kazi iliyotajwa hapo juu. Nina umri wa miaka 18 na nimemaliza Kidato cha Nne. Sijawahi kuajiriwa.

Hata hivyo, kwa misimu miwili nimeandika daftari la pamba ya nyumbani kwetu: tarehe ya kuuza, kilo zilizopimwa, bei na fedha tulizopokea. Daftari hilo ninalo, nami niko tayari kukuonyesha. Shuleni nilikuwa mtunza vitabu wa darasa kwa mwaka mmoja, na vitabu vyote vilirudi.

Wanaoifahamu kazi yangu ni mwalimu wangu wa hesabu na mwenyekiti wa kitongoji chetu. Wote wamekubali kuulizwa, na anwani zao nimeziambatanisha pamoja na nakala ya cheti cha kuzaliwa na ya matokeo yangu.

Naweza kuanza siku yoyote nitakayoitwa.

Wako mtiifu,
................

Tazameni mambo matatu katika barua hii. Kwanza, mwombaji amekiri waziwazi kwamba hajawahi kuajiriwa. Hakumwachia Katibu kazi ya kuligundua. Pili, badala ya kujisifu kwamba yeye ni hodari na mchapakazi, ametaja daftari. Sifa kila mtu aweza kuziandika, lakini daftari la misimu miwili haliandikwi usiku mmoja. Tatu, mashahidi wameombwa ruhusa kabla ya kutajwa, nayo ni adabu inayopasa.

Akiitwa kwa mazungumzo, afike kabla ya saa, aamkie kwa heshima, na simu yake aizime. Akiulizwa jambo asilolijua ajibu: “Hilo silijui, mzee, lakini nikielekezwa nitajifunza.” Jibu hilo si aibu. Mwenye kusema “sijui” penye jambo dogo ataaminiwa atakaposema “najua”.

Uongo wa cheti na wa umri

Sasa tufike penye jaribu lenyewe. Mwezi wa Aprili 2017 taarifa ya uhakiki wa vyeti iliyokabidhiwa kwa Rais John Magufuli mjini Dodoma ilionyesha watumishi wa umma 9,932 waliokuwa na vyeti vya kughushi. Waliondolewa kazini. Miongoni mwao walikuwamo waliofanya kazi kwa miaka mingi, na yumkini wengine waliifanya vizuri. Lakini jengo lao lilisimama juu ya msingi wa uongo, na msingi ulipofukuliwa jengo lote likaanguka, pamoja na watoto na wazee waliolitegemea. Mtu aliyeingia kazini kwa uongo hana siku ya kulala kwa amani. Kila bahasha ifikayo ofisini humtia hofu.

Kuongeza umri nako ni uongo wa namna hiyo, na tena una hatari ya mwili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Aliyefikia miaka 14 anaruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyomdhuru afya wala kumzuia masomo. Na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuajiriwa mgodini, kiwandani, au mahali pengine penye hatari. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inakataza kumtumikisha mtoto zaidi ya saa sita kwa siku, au usiku kati ya saa mbili na saa kumi na mbili asubuhi.

Kwa hiyo kijana wa miaka 16 anayejiandika 18 ili aingie katika kiwanda cha kuchambua pamba amejiondolea mwenyewe ukuta uliojengwa kumlinda. Mashine haisomi umri uliouandika. Wazazi wanaomshauri mtoto afanye hivyo kwa sababu ya shida ya nyumbani na watafakari jambo hili mbele ya Mungu.

Kujuana, rushwa na mapatano

Wako watakaosema: “Maneno haya ni mazuri, lakini siku hizi kazi hupatikana kwa kujuana.” Hatukatai kwamba dhuluma hiyo ipo. Lakini tutofautishe mambo mawili. Shahidi husema alichokiona: “Kijana huyu alinitunzia ufunguo wa ghala mwaka mzima.” Mpendeleaji husema: “Huyu ni wetu, mpe.” Kumtafuta wa kwanza ni halali na ni busara, kumtegemea wa pili ni kumnyang'anya mwingine haki yake.

Ama kutoa fedha ili upewe kazi, hiyo ni rushwa, na mara nyingi ni wizi mtupu, kwani kazi yenyewe haipo. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamhesabu pia kuwa mhalifu mwenye mamlaka anayemtaka mwombaji kimwili kama sharti la kumpa kazi. Binti akikutwa na jambo hilo, aibu si yake. Aondoke, amweleze mzazi wake au mtu mzima anayemwamini, na taarifa ifike TAKUKURU au polisi.

Mabinti wengi wa vijijini huanza na kazi za nyumbani, Mwanza au Dar es Salaam, wakichukuliwa na mtu aliyekuja kuwatafuta. Mzazi asikubali mpaka ajue jina la mwajiri, mtaa anaokaa, namba ya simu, kiasi cha mshahara, na kwamba mshahara utalipwa mkononi mwa binti mwenyewe. Mtu anayekataa kuyasema hayo asipewe mtoto. Tanzania ina sheria dhidi ya biashara ya usafirishaji wa binadamu tangu mwaka 2008, na biashara hiyo aghalabu huanza kwa ahadi ya kazi njema mjini.

Na kila apataye kazi aombe mapatano yaandikwe. Sheria ile ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi: kazi yenyewe, tarehe ya kuanza, mahali, saa za kazi na ujira. Kuyaomba si ujeuri. Sura Al-Baqara imewaamuru waumini waandike deni wanapokopeshana. Basi jasho la mtu linastahili kuandikwa vile vile.

Akikataliwa

Yawezekana kijana akafanya yote haya na bado akakataliwa, maana kazi ni chache na waombaji ni wengi. Asidhani kwamba ukweli wake umempotezea. Aulize kwa upole ni kitu gani kilichopungua, akakitafute. Akiwa na kipaji cha mikono, aingie kwa fundi mwenye sifa njema; VETA huupima na kuuthibitisha hata ujuzi uliopatikana kazini nje ya darasa, hivyo miaka ya kujifunza kwa fundi haipotei. Na hapa hapa Maswa, katika miaka ya 2010, kikundi cha vijana kilianzisha utengenezaji wa chaki kwa kusaidiwa na Halmashauri ya Wilaya, na chaki zao zikafika madarasani. Lakini hata kikundi huhitaji mweka hazina, na mweka hazina huhitaji kuaminiwa. Kila njia tunayoishika inaturudisha palepale.

Ndugu vijana, uzoefu utakuja wenyewe kwa kupita siku. Uaminifu ukipotea, siku haziurudishi kwa urahisi. Lindeni basi kile mlicho nacho sasa, mkiandike, mkitafutie mashahidi, na mwende mkabishe hodi bila hofu. Mwenyezi Mungu awafungulie milango ya riziki ya halali. Amin.

Maswali ya kujadiliana katika darasa la vijana

1. Ni mambo gani matatu yaliyofichika ndani ya swali la mwajiri kuhusu uzoefu? Lipi kati yake halifundishwi kazini?
2. Yule mwanamke wa Madiani aliujuaje uaminifu wa Nabii Musa a.s.?
3. Kila mmoja aandike karatasi yake ya mafungu matatu. Nani amekosa shahidi, na atampataje?
4. Kuna tofauti gani kati ya shahidi na mpendeleaji?
5. Rafiki yako wa miaka 16 anataka kujiandika miaka 18 ili apate kazi kiwandani, na nyumbani kwao hakuna chakula. Utamwambia nini, na utamsaidia vipi?